Wazima Moto wa London na Desturi ya Kunyamaza

Jumamosi ya tarehe 29 Juni 1861 maduka mengi ya London yalifunga milango mchana kweupe, kengele za makanisa zikagongwa kwa maombolezo, na msafara wa mazishi uliokadiriwa kuwa na urefu wa maili moja na nusu ukapita taratibu baina ya mahuluku waliosimama pande zote mbili za njia, ukielekea makaburi ya Abney Park yaliyoko Stoke Newington, kaskazini ya mji. Aliyekuwamo jenezani hakuwa waziri wala jemadari aliyerejea na ushindi. Alikuwa James Braidwood, mzaliwa wa Edinburgh, mkuu wa wazima moto, ambaye wiki moja kabla ya siku hiyo aliangukiwa na ukuta wa bohari kando ya Mto Thames. Malkia Victoria mwenyewe alikiandika kifo hicho katika kumbukumbu zake za kila siku. Na katika masimulizi yaliyohifadhiwa na kikosi chake imeelezwa kwamba vifungo vya koti lake na mapambo ya mabegani viliondolewa na kugawanywa miongoni mwa watu aliowaongoza.

Basi mji ule ulijua, tangu zamani, namna ya kumlilia mzima moto aliyekufa. Jambo usilolijua, wala usilotaka kulijua kwa zaidi ya miaka mia moja baada ya hapo, ni namna ya kumtazama yule aliyerudi hai: mtu aliyevua kofia yake, akaosha masizi usoni, akanywa chai, akajinyoosha kwa saa mbili huku buti zake zikiwa kando ya kitanda, kisha akaitwa tena, na ambaye aghalabu aliimaliza miaka yake yote ya kazi pasipo mkubwa wake hata mmoja kumuuliza ameona nini, wala alichokiona kimemtenda nini. Tarehe za kikosi cha London zimejaa mabomba, farasi, ngazi na vifungu vya sheria; nafsi ya mtu haimo, na pale inapochungulia, huchungulia kwa bahati, kwa kalamu na burashi za watu ambao kwa asili yao hawakuwa wazima moto hata kidogo.

Kazi yenyewe ilizaliwa na hesabu ya fedha. Baada ya moto mkuu wa mwaka 1666, ulioanza katika nyumba ya mwoka mikate wa Pudding Lane tarehe 2 Septemba na kuteketeza nyumba zipatazo 13,200 na makanisa 87, walitokea watu wenye akili ya biashara, Nicholas Barbon akiwa wa mbele yao, wakaanza kuuza bima ya moto, na haukupita muda makampuni hayo yakatambua kwamba ni rahisi zaidi kuuzima moto kuliko kulipa gharama yake. Kila kampuni ikaajiri watu wake, ikawavika sare ya rangi yake, ikapigilia alama yake ya madini ukutani mwa kila nyumba iliyokatiwa bima. (Iko hekaya kwamba watu hao walikuwa wakiiacha nyumba isiyo na alama iteketee mbele ya macho yao; hekaya hiyo ni tamu kuliko ilivyo kweli, kwa kuwa moto ulioachwa kwa jirani hauchukui muda kuuvuka ukuta.) Waajiriwa wenyewe walikuwa wavushaji na wapiga makasia wa Mto Thames, wenye vifua vipana na mikono iliyozoea kazi, ambao kengele ilipolia walizifunga mashua zao gatini wakakimbilia mabomba.

Braidwood ndiye aliyeigeuza shughuli hiyo ya vibarua ikawa taaluma. Alikabidhiwa mabomba ya Edinburgh mwaka 1824, akiwa na umri wa miaka 24 tu, na haikutimia hata miezi miwili kabla mji huo haujapatwa na moto mkubwa kuliko wowote uliopata kuukumba. Aliwachagua watu wake kutoka miongoni mwa waezekaji wa mapaa, maseremala, waashi na mafundi wa mabomba ya maji, akawafanyisha mazoezi usiku, ili mkono ujue kazi yake hata jicho lisipoona. Yeye mwenyewe alipata sifa siku alipoingia katika duka la vyuma lililokuwa likiungua na kutoka akiwa amebeba pipa la baruti. Yalipoungana makampuni kumi ya bima ya London, mwaka 1833, yakamwita awe mkuu wa kikosi chao kimoja, chenye watu 80 na vituo 13. Huko London alibadili rai yake kuhusu watu wa kuwaajiri: badala ya mafundi wa ujenzi, akawataka mabaharia.

Sababu zake zilikuwa bayana. Baharia amezoea kutii amri bila ya kuuliza, kupanda juu pasipo kizunguzungu, kufunga fundo gizani, kuamshwa saa yoyote ya usiku na kuwa macho mara moja, na kukaa mahali pamoja pamoja na watu wale wale kwa miezi mingi. Nami nina dhana kwamba mabaharia hawakuja na mafundo na zamu peke yake. Walikuja pia na adabu ya bahari mbele ya mauti. Katika merikebu za Waingereza wa zama hizo, mtu alipofariki safarini vitu vyake vililetwa penye mlingoti, wenziwe wakavinunua, fedha zikawekwa kwa ajili ya jamaa zake, na chombo kikaendelea na mwendo wake, maana chombo hakiwezi kusimama katikati ya maji kikalia. Hakukuwa na ukatili katika desturi hiyo. Kulikuwa na njia ya kuigawanya huzuni vipande vidogo vidogo, kila mtu akabeba chake mfukoni, kisha ikanyamaziwa. Anayevikumbuka vifungo vya koti la Braidwood atanielewa.

Yeye pia ndiye aliyeweka kanuni kwamba mtu asiingie peke yake ndani ya nyumba inayoungua, ili mmoja akizimia kwa moshi awepo wa kumtoa. Kanuni hiyo ilikuwa ya usalama, wala haikukusudia lingine. Lakini ilizaa matokeo ambayo hayamo kitabuni, kwamba kila tukio lililompata mzima moto humo ndani lilikuwa na shahidi mmoja tu, naye ni mwenzake, na kwa hiyo palikuwa na mtu mmoja tu duniani ambaye hakuhitaji kusimuliwa.

Kifo chake kilitokea Jumamosi ya tarehe 22 Juni 1861, katika mtaa wa Tooley Street, upande wa kusini wa mto. Mabohari ya Cotton's Wharf yalikuwa yamesheheni katani, juti, pamba, shura, shahamu, sukari, chai na viungo, na milango ya chuma iliyotengenezwa mahususi kuuzuia moto usihame kutoka ghala hadi ghala ilikuwa imeachwa wazi. Shahamu ikayeyuka, ikatiririka mtoni huku ikiwaka, na hawakukosekana watu walioingia mashuani kwenda kuizoa, kwa tamaa ya senti kadhaa, katikati ya jahanamu ile. Jioni ilipoingia Braidwood alikuwa akipita baina ya watu wake waliochoka, akiwagawia brandi kidogo ya kuwatia nguvu, ndipo ukuta ulipoporomoka.

Mwili wake haukufikiwa mpaka zilipopita siku mbili, na moto haukuzimika kabisa ila baada ya wiki mbili. Hili ndilo linalonishughulisha kuliko ule msafara wa maili moja na nusu. Kwa siku mbili wale watu, ambao baadhi yao walikuwa naye tangu 1833, waliendelea kumwaga maji juu ya kifusi wakijua wazi ni nani aliyelala chini yake, tena wakijua kwamba maji hayo hayamfai kitu. Wakala chakula chao hapo hapo, wakapeana zamu, wakarudi. Magazeti ya London yaliandika mengi juu ya hasara, iliyokisiwa kuwa pauni milioni mbili, na mengi zaidi juu ya ushujaa wa marehemu.

Makampuni ya bima, baada ya hasara ile, yalipandisha ada zao na kuiambia serikali kwamba mzigo umewashinda. Ikapitishwa sheria mwaka 1865, na kuanzia tarehe 1 Januari 1866 kikosi kikawa mali ya umma chini ya Kapteni Eyre Massey Shaw, mtu wa Ireland, mrefu, mtanashati, mpenda nidhamu, aliyeziiga kofia za shaba za wazima moto wa Paris na kuwavika watu wake. Naye, kama mtangulizi wake, hakutaka kuajiri ila mabaharia.

Maisha ya kituoni katika enzi ya Shaw yanastahili kuelezwa kwa urefu kidogo, kwa sababu picha inayobaki akilini mwa wengi ni ya farasi wanaokimbia na kofia zinazong'aa, ilhali sehemu kubwa ya kazi ilikuwa kungoja. Mzima moto aliishi kituoni pamoja na mkewe na watoto wake, katika vyumba vilivyo juu ya mabomba na mabanda ya farasi, na alihesabiwa kuwa kazini usiku na mchana, siku zote, isipokuwa saa chache alizopewa kwa ruhusa maalumu. Alfajiri alisugua shaba; mchana alifanya mazoezi ya ngazi na mipira ya maji, akarekebisha ngozi za hatamu, akashika lindo katika chumba cha habari au juu ya mnara; usiku alilala usingizi mwepesi wa mtu anayesikiliza. Kengele ilipolia farasi walifungwa mara moja na gari likatoka mbio, huku watu waliopanda juu yake wakipaza sauti zao ili njia iachwe wazi, maana bado hapakuwa na king'ora. Hata Mwanamfalme wa Wales, ambaye baadaye alikuwa Mfalme Edward wa Saba, aliipenda shughuli hiyo, akawekewa sare yake katika kituo cha Chandos Street ili apate kwenda kuutazama moto kila alipojisikia. Mabomba ya mkono yaliendeshwa na wapita njia, waliolipwa shilingi moja kwa saa ya kwanza na nusu yake kwa kila saa iliyofuata, pamoja na bia, nao bia ilipochelewa hawakuona haya kuacha kusukuma na kuidai kwa wimbo.

Wakati huo wote mke wa mzima moto alikuwa ghorofani. Aliisikia kengele pamoja na mumewe, alilihesabu gari likitoka na kulihesabu likirejea, na kabla ya mtu kufungua kinywa alikwisha kujua kwa sura za waliorudi ni usiku wa namna gani waliotoka nao. Alikuwa na majirani wa kila upande waliokuwa katika hali ile ile. Sisemi kwamba hayo yalikuwa maisha mema, kwa kuwa hakuna mfanyakazi anayestahili kufungwa kazini mwake mfululizo. Na pale mwaka 1920 ilipopatikana, baada ya madai ya chama cha wafanyakazi, taratibu ya zamu mbili, mzima moto akaweza kwenda zake nyumbani kama raia wengine, ilikuwa haki iliyochelewa. Ila haki hiyo ilileta jambo ambalo hakuna aliyelipanga: mtu sasa alipanda tramu na mkebe wake wa chakula, akashuka katika mtaa ambao hakuna aliyeisikia kengele, akaketi mezani pamoja na watu wasiojua kitu, na alikuwa hana lugha ya kuwaeleza. Akanyamaza. Kituoni nako mazungumzo yalikuwa ya mzaha, mzaha mkali usiomwonea huruma maiti wala aliye hai, ambao mgeni akiusikia angedhani watu hawa hawana moyo. Kumbe mzaha ule ulikuwa na kazi yake, maana mara nyingi aliyeshindwa kucheka ndiye aliyejulikana kuwa amepatwa na jambo, akapewa kazi nyepesi jikoni kwa siku mbili tatu bila ya mtu kutamka sababu.

Vita vya pili vya dunia ndivyo vilivyoivunja desturi hiyo, wala havikuivunja kwa mabomu, bali kwa aina ya watu vilivyowaleta. Mwaka 1938, serikali ya Uingereza ikitazamia mashambulizi ya ndege, iliunda kikosi saidizi cha zimamoto, na vita vilipoanza London ilikuwa na wasaidizi wapatao 23,000 kando ya wazima moto wa kudumu elfu mbili na kitu. Walikuwa makarani, madereva wa teksi, wauza duka, wanasheria, watunga matangazo ya biashara, wachoraji, na wanawake kwa maelfu, waliopokea simu, wakaendesha magari na kubeba ujumbe. Mwanamume alilipwa pauni tatu kwa wiki, mwanamke mbili. Walikuwa kazini saa 48, kisha mapumziko ya saa 24. Katika mwaka wa kwanza, ambapo hakukuanguka bomu, raia waliwadhihaki kuwa ni watoro wa jeshi wanaocheza karata kwa fedha ya umma, na wale wa kudumu, wenye mikono ya kibaharia, hawakuwapenda sana; na msaidizi aliyejeruhiwa kazini alilipwa kwa wiki chache tu, kisha akaachishwa.

Jumamosi ya tarehe 7 Septemba 1940, alasiri, ndege za Ujerumani zikaja gatini, na wengi wa wasaidizi hao wakauona moto kwa mara ya kwanza katika umbo ambalo hata wazee wa kazi hawakupata kuliona. Katika gati za Surrey ekari 250 za mbao zilikuwa zikiwaka. Katika bohari la pilipili manga hewa yenyewe iliwasha, hata aliyevuta pumzi alihisi kwamba anavuta moto. Mapipa ya ramu yalipasuka kama mizinga. Rangi za mafuta zilitoa ndimi nyeupe zilizoyapaka mabomba vanishi. Mpira ulitoa moshi mweusi mzito. Sukari iliyoyeyuka ilielea juu ya maji ikiwaka. Na chai iliungua kwa harufu tamu ya kukinaisha, hata mmoja wao akaona ni kichekesho kumwagia maji baridi majani ya chai yaliyo moto. Kutoka ghala za nafaka panya walitoka kwa majeshi. Mji uliendelea kupigwa kwa siku 57 mfululizo, na kabla haujafika Oktoba wale watoro wa jeshi wa jana walikuwa wakishangiliwa njiani, Churchill akiwasifu kwa nyuso zao zilizojaa masizi.

Kwa wanawake wa kikosi, mfano wa Gillian Tanner unatosha. Usiku wa tarehe 20 Septemba 1940, katika mtaa wa Bermondsey, aliendesha lori lililobeba galoni 150 za petroli katika makopo, kutoka moto mmoja hadi mwingine kwa muda wa saa tatu, mabomu yakianguka, ili mabomba yasikose mafuta. Akatunukiwa Nishani ya George. Wengi wa wenziwe waliobaki penye simu hawakutunukiwa. Kazi yao ilikuwa kusikia sauti ya kituo ikiita, kuandika, kupeleka msaada, na mara nyingine kuisikia sauti hiyo ikikatika katikati ya neno, kisha kuipokea simu inayofuata.

Sasa miongoni mwa wasaidizi hao alikuwamo mchoraji kijana, Leonard Rosoman. Usiku mmoja, katika kichochoro cha Shoe Lane, alikuwa ameshika mpira wa maji alipobadilishwa. Hakuwa amekwenda mbali ukuta mzima ulipowaangukia wenzake wawili. Baharia wa zama za Shaw angenyamaza. Rosoman alikwenda akachora: ukuta umepinda kama wimbi la kusi, na chini yake watu wawili wameinama juu ya mpira wao, bado hawajajua. Picha hiyo imo mpaka leo katika Jumba la Makumbusho ya Vita huko London, na aliyeichora aliishi nayo mpaka mwaka 2012. Mwenzake katika kikosi, William Sansom, aliandika hadithi fupi ya ukuta unaoanguka, kurasa chache tu, ambamo ile nukta ya kuanguka hurefushwa, na akili ya mtu, badala ya kufikiri juu ya mauti, hushughulika na kuhesabu madirisha. Henry Green aliyatia maisha ya kituo, pamoja na chuki ya wa kudumu kwa wasaidizi, uchovu, ulevi na uongo, katika riwaya yake ya mwaka 1943. Na mwaka huo huo Humphrey Jennings alitoa filamu juu ya usiku mmoja wa kikosi, iliyochezwa na wazima moto wenyewe, Sansom akiwa mmoja wao.

Watu hao hawakuwa mashujaa kuliko wengine. Tofauti yao ni kwamba waliingia katika kazi wakiwa na ada ya kwao, ada ya kusema, nao hawakukaa muda wa kutosha kufundishwa adabu ya kunyamaza. Lau wangekaa miaka ishirini, nadhani picha ya Shoe Lane isingechorwa.

Na bado utawala haukusikia. Kabla ya vita wataalamu wa maradhi ya akili waliionya serikali kwamba mabomu yataleta mamilioni ya watu waliorukwa na akili, zikatengwa hospitali kwa ajili yao. Wagonjwa hao walipokosa kutokea kwa idadi hiyo, ikachukuliwa kwamba raia wa London wana moyo wa chuma na kwamba hakuna la kutibiwa. Kutokuja hospitalini kukahesabiwa kuwa ni uzima. Hata tukio la usiku wa kuamkia tarehe 20 Aprili 1941, ambapo bomu liliipiga skuli ya Old Palace katika mtaa wa Poplar na kuua wazima moto 34, wanaume 32 na wanawake wawili, likiwa ni pigo kubwa kuliko lolote lililopata kukipata kikosi cha zimamoto katika historia ya Uingereza, halikubadili rai hiyo. Ishirini na mmoja kati yao walikuwa wametumwa kutoka mji mmoja mdogo, Beckenham, na wenzao waliobaki waliwazika, wakarejea zamu.

Vita vilipokwisha makarani walirudi penye madawati yao na wachoraji kwenye studio zao, vikosi vikarudishwa kwa serikali za mitaa, na meza ya kituoni ikarejea katika mzaha wake. Mpaka mwaka 1980 ndipo madaktari wa Marekani walipoyaandika rasmi, katika orodha yao ya maradhi, madhara ya kiwewe yanayodumu, nao walisukumwa zaidi na askari waliorudi kutoka Vietnam kuliko na wazima moto. Tarehe 18 Novemba 1987, kiberiti kilichoangukia chini ya ngazi ya umeme ya mbao kikaichoma stesheni ya King's Cross, wakafa watu 31, akiwamo mkuu wa zamu wa kituo cha Soho, Colin Townsley, aliyekutwa karibu na abiria ambaye inaelekea alikuwa akijaribu kumtoa. London ikamzika kwa taadhima, kama ilivyomzika Braidwood.

Msomaji wa Nairobi hahitaji kwenda London ili afahamu habari ya sauti inayokatika. Mwezi wa Agosti 1998, baada ya bomu lililoua watu 213 mjini humo, waokoaji walizungumza kwa siku kadhaa na mwanamke aliyenaswa chini ya kifusi cha jengo la Ufundi, wakamtia moyo, naye akawajibu, nchi nzima ikimwombea kwa jina. Walipomfikia alikuwa amekwisha kufariki. Waliokuwa wakizungumza naye nao walirudi makwao.

Usiku wa tarehe 14 Juni 2017 liliungua jengo la Grenfell, ghorofa 24, magharibi ya London, wakafa watu 72. Wapokea simu wa kikosi, ambao usiku huo walikuwa wamehamishiwa katika chumba cha akiba huko Stratford, walikaa na walionaswa simuni, mmoja mmoja, kwa muda mrefu; mwanzoni waliwaambia wabaki ndani, kama ulivyokuwa mwongozo, na ilikwisha kupita saa nane na nusu ya usiku pale mwongozo huo ulipoachwa. Mwaka uliofuata, mbele ya tume ya uchunguzi iliyokutana Holborn, mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka Shoe Lane, wazima moto na wapokea simu waliulizwa, mbele ya umma na kwa kiapo, yale ambayo Braidwood na Shaw hawakuwauliza watu wao: uliona nini, ulisikia nini, ulifanya nini kisha. Baadhi yao walilia, kikao kikaahirishwa kidogo, wakaendelea.

Aliyeulizwa pia ni mkuu wao wa wakati huo, Dany Cotton, mwanamke wa kwanza kushika cheo hicho. Alikuwa na miaka 18, miezi michache tu baada ya mafunzo, alipopelekwa katika ajali ya treni ya Clapham ya Desemba 1988 iliyoua watu 35. Tangu hapo alipanda ngazi zote. Aliieleza tume kwamba kumbukumbu yake ya usiku wa Grenfell ina mapengo na kwamba anapata msaada wa wataalamu wa nafsi. Alisema vilevile kwamba asingebadili lolote katika yale kikosi chake kilichoyafanya usiku ule, na hayo ndiyo waliofiwa waliyoyasikia. Ripoti ya Oktoba 2019 ilimlaumu kwa ukavu wa maneno hayo, ikakilaumu kikosi kwa kuchelewa kuwatoa watu, ikapendekeza mafunzo mapya kwa wapokea simu. Cotton alikuwa amepanga kustaafu Aprili 2020. Akaondoka kazini mwisho wa Desemba 2019.